KAKA WA MJINI, MABOKSI SIYO JESHI! WAPAKE RANGI HAO RUGARUGA WA ULYANKULU

Majina yanahifadhiwa, wenyewe wanajijua.

Mjini siku hizi kuna kaka wa aina hii. Kazi anayo, chumba kina taa kali ya kupigia picha, na nyuma yake kuna rafu imejaa maboksi. Ndani ya maboksi kuna visanamu vya vita vya mezani. Kila mwisho wa mwezi anafungua boksi jipya laivu, watu wanatupia mioyo na vimoto, yeye anajimwambafai kwamba "jeshi limeongezeka". Kesho yake boksi linarudi rafuni. Brashi haijalowa. Rangi zimekauka kwenye vikopo. Miaka inakwenda, na hakuna hata askari mmoja mwenye macho.

Jeshi gani hilo? Hiyo ni stoo.

Kwa ambao hawajawahi kuuona mchezo wenyewe: ni vita vinavyochezwa juu ya meza kwa visanamu, rula na dadu. Kisanamu kimoja mara nyingi kina urefu wa milimita 28 hivi, kama kipande cha juu cha kidole gumba. Kinatoka dukani kikiwa kijivu au rangi ya bati, uso hauna kitu, nguo haina rangi. Kazi ya kukipaka ni ya aliyekinunua. Na wala siyo fasheni ya jana. Mwandishi Mwingereza H. G. Wells alitoa kitabu chake cha kanuni za mchezo wa namna hii, Little Wars, mwaka 1913. Hata yule jamaa aliyeigiza Superman anajulikana dunia nzima kwamba anakaa na kupaka visanamu vyake kwa mkono wake, na wala haoni haya kusema.

Wachezaji wenyewe wana jina la vile vilivyonunuliwa vikaachwa bila rangi: lundo la aibu. Wanalitaja huku wanacheka. Hapo ndipo ugonjwa unapoanzia, maana aibu ikishageuzwa utani haimsumbui mtu tena. Mtu anaposti lundo lake kama vile anaposti gari.

Kuna watakaosema hela ni yake, chumba ni chake, povu la nini? Sawa. Basi iangaliwe ni nani amelala humo kwenye maboksi.

Kampuni ya Uingereza inayoitwa Wargames Foundry ina mkusanyiko wa visanamu unaokwenda kwa jina la Darkest Africa, yaani Afrika yenye giza kuliko zote. Humo ndani kuna rugaruga. Ndiyo, rugaruga hao hao, vijana wa vita wa Unyamwezi, wale wa Mtemi Mirambo. Watu wa Tabora wamesubuliwa kwa bati, wamewekwa kwenye pakiti, wanauzwa kwa wazungu wanaocheza vita sebuleni. Sasa kijana wa Kitanzania anawaagiza, wanavuka bahari kurudi nyumbani, halafu anawaacha kwenye nailoni!

Ulyankulu siyo jina dogo kwenye hiyo hadithi. Leo ipo wilaya ya Kaliua, mkoa wa Tabora. Miaka ile ilikuwa ndani ya himaya ya Mirambo, na mwaka 1871 vita vilifika hapo. Mirambo alikuwa amegombana na Waarabu wa Tabora, njia ya msafara wa kwenda Ujiji ikafungwa. Mwezi wa nane Waarabu wakatoka kumfuata, na mwandishi wa habari Henry Morton Stanley akiwa nao, maana alitaka njia ifunguke akamtafute Livingstone. Kikosi kimoja chini ya kijana aitwaye Soud bin Sayd kikaishambulia Ulyankulu, ambayo Stanley kwenye kitabu chake aliiandika Wilyankuru. Wakaingia. Wakabeba pembe za ndovu, mizigo ya nguo na watu waliowateka. Wakaanza safari ya kurudi wakijua wameshinda.

Mirambo alikuwa ameshatoka upande wa pili na watu wake. Walilala kwenye majani marefu, kushoto na kulia kwa njia. Msafara ulipofika katikati, wakainuka. Soud akafa, na Waarabu aliokuwa nao. Stanley aliyapata hayo akiwa kambini Zimbizo, mgonjwa wa homa, na kesho yake kambi nzima ikatimua mbio. Baadaye huyo huyo Stanley akamfananisha Mirambo na Bonaparte.

Hiyo ni filamu kamili. Ina mtego, ina tamaa, ina jeshi lililojiona limemaliza kazi. Ukitaka mchezo wa mezani, meza yako hiyo hapo: kijiji, njia moja, majani pande mbili. Lakini kaka wa mjini akikaa kucheza, anatoa Warumi. Warumi! Profaili yake ina nukuu za Napoleon, ukutani kaning'iniza ngao ya Sparta, na Bonaparte wa Tabora kamfungia kabatini.

Ambao wanawapaka rugaruga ni watu wa mbali. Mtu yuko kijijini Uingereza, hajawahi kufika Tabora wala Urambo, anafungua picha za kuchorwa kwenye vitabu vya wasafiri, anaamua mwenyewe huyu avae nini na sura yake iwe na ukali gani. Hana kosa, bana. Yeye amefanya kazi. Lakini anayepaka ndiye anayeamua kisanamu kinaonekanaje, na asiyepaka hana pa kulalamikia.

Halafu cha kuuma ni kwamba ujuzi upo huku huku. Mwambie mtoto wa Unyamwezi apake nguo za msafara, bibi yake atamwambia kaniki ni rangi gani: ile buluu nzito inayokaribia weusi. Atamwambia merikani siyo nyeupe ya karatasi, ni nyeupe ya pamba ambayo haijapaushwa. Hizo ndizo nguo zilizopanda njia ile kutoka pwani kwa mabegani mwa wapagazi. Rugaruga walipenda nguo nyekundu na manyoya kichwani, na bunduki zao nyingi zilikuwa magobori. Mzungu inabidi asome vitabu vitatu ili aijue kaniki. Huku neno lenyewe liko mdomoni.

Na asitokee mtu akasema rugaruga walikuwa malaika. Hawakuwa. Wengine walikuwa mateka wa vita, wengine watumwa waliotoroka, wengine wapagazi walioacha mizigo, na waliishi kwa kupora. Vijiji vingi vililia kwa ajili yao. Hiyo ni sababu nyingine ya kuwapaka kwa makini, mmoja mmoja, kila mtu na sura yake. Wakiachwa kijivu wote wanafanana, na watu wakifanana ni rahisi kusema chochote juu yao.

Sasa visingizio.

Cha kwanza, "sina muda". Muda wa kufungua boksi laivu dakika arobaini unao. Mwenye visanamu 120 akipaka vitano kila Jumamosi, anamaliza kwa wiki 24, hata miezi sita haifiki. Vitano tu. Ndivyo wanavyofanya wanaomaliza: hawagusi lundo zima, wanachukua kikundi kidogo, wanakisafisha, wanakibandika kwenye vitako, wanapulizia praima, halafu wanapaka rangi moja kwa wote kabla ya kwenda rangi nyingine. Ngozi wote watano. Nguo wote watano. Mwisho rangi nyepesi ya majimaji inayoingia kwenye mikunjo, imekwisha.

Cha pili, "naogopa kuharibu". Rangi ikikosewa inapakwa juu yake nyingine. Kisanamu kilichopakwa vibaya kinapigana vita. Kilicho kwenye nailoni hakipigani.

Cha tatu ndiyo kibaya zaidi: "subiri kwanza, kuna toleo jipya linakuja." Huyu hana hobi ya kupaka. Hobi yake ni kulipia. Dawa yake ni moja: hakuna boksi jipya mpaka la zamani liishe. Ataumwa wiki mbili, atapona.

Na dada anayewacheka kwenye Instagram, "mtu mzima anachezea midoli", naye asikae mbali. Vitenge vyake sita viko kwa fundi tangu Pasaka, hajapeleka hata vipimo. Lundo ni lundo. Tofauti yake na kaka ni kwamba la kwake limekunjwa.

Kama kuna mahali panajua maana ya kuwekwa kiporo, ni Ulyankulu. Mwaka 1972 makazi ya wakimbizi kutoka Burundi yalifunguliwa pale. Watoto wakazaliwa, wakakua, wakazaa, bado wanaitwa wakimbizi. Mwaka 2010 serikali ikawakubalia uraia watu zaidi ya 162,000 wa makazi ya zamani, yaani Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Vyeti vyenyewe vikaanza kutolewa mwaka 2014. Miaka minne mtu ni raia na karatasi hana! Lakini watu wale hawakukaa kijivu kusubiri nani aje awape rangi. Walilima, walijenga, waliimba. Kwaya ya Barabara ya 13 imetoka humo humo kwenye makazi, ikaimbwa mpaka Kenya, na watu wengi wamelijua jina la Ulyankulu kupitia kaseti zao kabla hawajaliona kwenye ramani.

Kwa hiyo kaka, huna cha kujitetea. Wewe una umeme, una brashi, una rangi, na hakuna anayekunyima karatasi. Shusha lile boksi la rugaruga Jumamosi hii. Toa watano. Nyekundu, kaniki, merikani. Wakikauka, weka njia katikati ya meza na majani pande mbili, muite dogo wa jirani ambaye shuleni alimsikia Mirambo kwenye mistari miwili, umuonyeshe Soud alivyopitia pale.

Halafu uposti. Hapo hata wenye wivu watatupia moyo.

Wadau, nani mwingine ana lundo nyumbani, la visanamu, la vitenge, la vitabu? Funguka hapo chini. Idadi tu inatosha, jina siyo lazima.