Picha za watoto: kwani nyumbani kuna nini?

Wadau, hebu tuambizane ukweli. Siku hizi familia ikitaka picha na watoto, basi lazima bustani ya hoteli au Coco Beach. Mtoto anabanwa na viatu vipya, saa saba mchana, jua la utosini, halafu anafokewa eti "cheka!" Acheke nini?

Mimi nasema pigeni nyumbani. Saa kumi na moja jioni, jua limelegea, barazani kwa bibi, mkeka na ndoo vionekane. Mnaona aibu? Aibu ya nini? Hoteli ina picha zake tele. Ya kwenu atapiga nani?

Nyumba hazidumu, jamani. Waulizeni wa Magomeni Kota: nyumba za zamani zilivunjwa, mwaka 2022 yakazinduliwa maghorofa. Aliyekulia pale, kama hana picha, leo atamwonyesha nini mwanawe? Kariakoo nako ndiyo hivyo hivyo, nyumba za Kiswahili zinamezwa na maghorofa.

Bahari haihami. Mwembe wa uani je? Kazi kwenu.