Baba wa bosi naye asubiri siku 90

Mkulima aliyeuza mahindi yake leo, halafu wiki ijayo akasikia kwamba mnunuzi alikuwa na habari za bei tangu mwanzo, anaujua uchungu huo. Kwenye hisa, mwenye habari mara nyingi ni mtu wa ndani ya kampuni.

Carvana ya Arizona, Marekani, huuza magari yaliyotumika kwa njia ya intaneti. Iliingia soko la hisa la New York mwaka 2017 kwa dola 15 kwa hisa, na Agosti 2021 bei ikafika karibu dola 370. Katika mwaka mmoja ulioishia mwezi huo, Ernest Garcia II, mwenyehisa mkubwa na baba mzazi wa mtendaji mkuu, aliuza hisa za zaidi ya dola bilioni 3.6. Desemba 2022 hisa moja ilishuka chini ya dola 4. Baadaye ilipanda tena, lakini aliyekwisha kuuza kwa hofu hakurudishiwa kitu.

Kuuza mali yako si kosa. Kosa ni kuuza huku umeshika siri ya kampuni. Desemba 2022 wasimamizi wa masoko ya mitaji Marekani walikaza kanuni: mkurugenzi au ofisa akishaandika mpango wa kuuza hisa, asubiri angalau siku 90. Mtu mwingine, hata kama ni baba wa bosi, siku 30 tu. Hapo kanuni imelegea. Mzazi na mwanawe hula meza moja, basi na wasubiri sawa.