Baridi Isiwafungie Wana Wetu Ndani

Mwezi wa Disemba jua la mji wa London huchwa kabla ya saa kumi za alasiri. Wakati huo hapa kwetu Mombasa watu ndio kwanza wanatoka msikitini kwa sala ya alasiri, na vitoto vimetawanyika mabarazani na vichochoroni. Kule magharibi imekwisha kuingia, taa za barabarani zawaka, na mama mwenye mwana wa mwaka mmoja na nusu bado ana saa tatu au nne za kumshughulisha kabla hajalala. Hilo ndilo nitakalo kulizungumza juma hili. Wengi wa wasomaji wa ukurasa huu wana binti, dada au mpwa aliyeolewa huko. Twawauliza habari za kazi, za mshahara na za karatasi za kukaa, lakini sijasikia mtu akiuliza: huyo mtoto mdogo, majira ya baridi, huenda wapi?

Jawabu, kwa wengi wao, ni kuwa haendi popote.

Asiyepata kuiona baridi ile atasema huo ni uvivu wa mama. La hasha. Kipupwe chetu sisi ni cha shali na kikombe cha tangawizi. Kule kumtoa mtoto mlangoni ni kazi ya nusu saa: fulana, sweta, koti, soksi mbili mbili, kofia ya sufi, mifuko ya mikono, na aghalabu ukisha kufunga kifungo cha mwisho ndipo nepi inapochafuka. Nyumba yenyewe ni fleti ya vyumba viwili, na aliye chini hugonga dari kwa mti wa ufagio kila mtoto akikimbia. Ua hakuna, baraza hakuna, wala hakuna jirani wa kuambiwa, "Nishikie mwanangu nikaoshe vyombo." Basi mama humpa mtoto simu, mtoto akanyamaza. Kesho hupewa tena, na haupiti mwezi ila simu imekuwa ndiyo yaya, ndiyo bibi, na ndiyo ua wa nyumba.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya jambo hili. Lilisema mtoto wa mwaka mmoja hadi minne apate kwenda, kukimbia na kuchezesha viungo kwa muda usiopungua dakika 180 kwa siku, yaani saa tatu. Wa mwaka mmoja asikalishwe mbele ya kioo cha picha kabisa, na wa miaka miwili na kuendelea isizidi saa moja. Saa tatu za kukimbia ndani ya fleti ya vyumba viwili! Hesabu hiyo haitoki, hata aliye chini awe kiziwi.

Lakini mji huo huo unaowafungia unayo dawa yake, na dawa yenyewe haiuzwi. Tangu Disemba 2001 majumba makubwa ya makumbusho ya taifa la Uingereza, yale yaliyokuwa yakitoza kiingilio, yalifunguliwa bure kwa kila mtu, isipokuwa maonyesho machache maalumu. Mtoto aliye chini ya miaka mitano halipi nauli ya basi wala ya gari la moshi la chini ya ardhi akiwa na mkubwa wake. Ndani ya majumba hayo mna joto, mna vyoo na mahali pa kubadilishia nepi, mna lifti ya kupandisha kigari, na juu ya yote mna sakafu. Naitaja sakafu kwa makusudi. Mtoto anayekwenda tata hana haja na tarehe za wafalme. Haja yake ni mahali papana pa kwenda, kuanguka, na kuinuka tena pasi na mtu kumwambia "taratibu!"

Haya nimeyaona kwa macho yangu. Januari moja nilikaa kwa mpwa wangu mashariki ya London, na kazi niliyopewa ilikuwa kumtembeza mwanawe wa miezi ishirini. Tulianza na jumba liitwalo Young V&A, mtaa wa Bethnal Green. Jumba hilo lilifunguliwa mwaka 1872, na mihimili yake ya chuma ilitolewa South Kensington ikaletwa kwa watu maskini wa mashariki ya mji ili nao wapate cha kutazama. Kwa miaka mingi lilikuwa makumbusho ya utoto, la kutazama vitu nyuma ya vioo. Likafungwa likatengenezwa upya, na Julai 2023 likafunguliwa kwa ajili ya watoto wenyewe, na walio chini ya miaka mitatu wametengewa upande wao wa kushika na kugusa. Mjukuu wangu alipowekwa chini hakutazama kitu. Alikimbia mpaka ukutani, akaupiga ukuta kofi, akarudi. Akafanya hivyo mara nyingi sana, nami nimeketi kitini na koti lake mapajani, na hakuna askari wa jumba aliyetukunjia uso. Usiku ule alilala kabla ya isha. Mpwa wangu aliniuliza, "Mjomba, umempa nini huyu?"

Siku nyingine tulikwenda South Kensington, kwenye Jumba la Makumbusho ya Viumbe, lililofunguliwa mwaka 1881. Ukumbini, juu ya vichwa vya watu, pametundikwa mifupa ya nyangumi wa buluu mwenye urefu wa mita 25.2. Nyangumi huyo alikwama mchangani Wexford, Ayalandi, mwaka 1891, na tangu 2017 yuko pale ukumbini, amepewa jina la Hope, yaani Tumaini. Kando yangu palikuwa na bibi mmoja wa Kiswahili, buibui lake chini ya koti zito, na mjukuu mikononi. Alikuwa akinong'ona na nafsi yake. Mtoto akainua kidole, naye bibi akasema neno la Kiingereza alilolisikia kwa wapita njia, tena kwa shida, kama anayeazima. Mimi sikuweza kunyamaza. Nilimwambia, "Bibi, sema nyangumi." Akacheka, akasema, "Nyangumi." Mtoto naye akajaribu, ikatoka nusu.

Hapo ndipo ninapotaka kumfikisha msomaji. Watu wetu walio ugenini hudhani kwamba majumba yale ni ya wenye Kiingereza, na kwamba ukiingia na mtoto yakupasa umfundishe yaliyoandikwa ukutani. Si lazima. Mwanamke wa mwambao ana maneno ya bahari ambayo aliyeandika kile kibao hana. Nyangumi wa nundu hupita pwani yetu ya Watamu na Kilifi kila mwaka baina ya Julai na Septemba, na wavuvi wetu wamewajua tangu zamani. Mtoto akiambiwa habari hiyo kwa Kiswahili mbele ya mifupa ile, amepata nyangumi na amepata lugha kwa pamoja. Kiingereza kitamjia shuleni, apende asipende. Kiswahili chamtegemea huyo bibi na huyo mama, na hakifundishiki na watu walionyamaza ndani ya chumba.

Nasi Waislamu tuna mfano mwema kuliko wa Shirika la Afya. Sote tulisoma chuoni habari za Abu Umair, kitoto kilichofiwa na ndege wake, na jinsi Mtume wetu, sala na salamu za Mwenyezi Mungu zimshukie, alivyomwita kwa jina la heshima na kumwuliza habari za ndege yule. Bwana aliyebeba mzigo wa umma mzima alipata wakati wa kuzungumza na mtoto juu ya kindege. Baba arudiye kazini London akaketi na simu yake, na mwanawe kando na simu yake, na aitafakari habari hiyo.

Wako watakaoniambia mle mna masanamu. Yapo. Lakini ukitoka kwa nyangumi, nyumba ya pili ni Victoria and Albert, na chumbani mwa sanaa za Kiislamu, kilichofunguliwa mwaka 2006, limetandikwa chini ya kioo zulia la Ardabil, lililofumwa na Waislamu wa Ajemi na kutiwa tarehe yake, mwaka 946 wa Hijra. Taa zake huwashwa kwa vipindi tu ili rangi zisififie. Basi mtoto hukaa gizani akingoja, na taa zikiwaka hupiga makofi kama kwamba yeye ndiye aliyeziwasha. Mwingine atasema vitu vya mle vingi vilitwaliwa kwa nguvu. Ni kweli, na haifai kufichwa. Ngadji, ngoma kuu ya ndugu zetu Wapokomo wa Mto Tana, ilichukuliwa na maofisa wa Kiingereza mwanzoni mwa karne ya 20 ikaishia ghalani mwa British Museum. Hiyo kwangu ni sababu ya kuingia, si ya kukaa nje. Mwenye mali hasusii nyumba iliyo na mali yake.

Lakini nisiwasifu Waingereza kupita kiasi, kwani wao wenyewe wameyabomoa yaliyokuwa mazuri zaidi. Mwaka 1999 serikali yao ilianzisha vituo vya Sure Start vya watoto wadogo na mama zao, na kufikia 2010 vilikuwa zaidi ya 3,000 nchini. Kisha fedha zikapunguzwa, vingi vikafungwa, na maktaba nyingi za mitaa zikafungwa pia. Kituo cha mtaani mama hufika kwa miguu, akajulikana kwa jina, akiumwa akaulizwa. Nyangumi hatamwuliza. Maktaba zilizobaki bado huwa na asubuhi za nyimbo za watoto wachanga, bila malipo, na mama asione haya kuingia ati kwa kuwa hazijui nyimbo zenyewe. Hata hao Waingereza wengi wao huzijifunzia pale pale.

Hapa basi nina neno na kamati za misikiti na madrasa za watu wetu kule. Ukumbi mnao, zulia mnalo, joto mmelilipia. Asubuhi ya Jumanne, tangu saa nne mpaka adhuhuri, ukumbi huo umefungwa kwa kufuli. Ufungueni kwa kina mama na vitoto, muweke birika la chai, mtu mzima mmoja awe mlangoni, na Kiswahili kisemwe. Wabarawa wa kaskazini ya London, ambao kituo chao cha Muswell Hill kiliteketezwa kwa moto Juni 2013, wajua vyema kukosa ukumbi kulivyo. Hakuna mchango wa fedha unaotakiwa hapa, ni ufunguo tu.

Na kwa kina bibi wanaofunga safari mwaka huu kwenda kulea wajukuu, nina machache. Jua la huko tangu Oktoba mpaka Machi halina nguvu ya kuutia mwili vitamini D, na ngozi nyeusi yaihitaji zaidi; madaktari wao huagiza mtoto wa mwaka mmoja hadi minne apewe maikrogramu 10 kila siku, kwa matone, basi muulizeni mama wa mtoto kama anayatumia. Majumba mengi hufunguliwa saa nne asubuhi, na saa hiyo hakuna msongamano. Alasiri ya Disemba huingia kabla ya saa nane na magharibi iko nyuma yake karibu, kwa hivyo tokeni mapema mrudi mapema. Chukueni chakula chenu, msitaabike kuuliza nyama ya halali. Basini kigari kina mahali pake pamoja tu, na akija mwenye kiti cha magurudumu humpisha. Kabla ya kufungua sanduku la mabumunda na achari, mwulizeni mwenyeji wenu basi la kwenda Bethnal Green ni nambari ngapi.