Mwenye Punda na Njia ya Watu

Katika mji wa Lamu, ambako vichochoro ni vyembamba hata punda wawili wenye mizigo wakikutana hapana budi mmoja wao ajibanze ukutani, na ambako hadi leo mchanga, mawe, boriti na magunia ya saruji hufika mlangoni kwa mwenyewe juu ya mgongo wa mnyama huyu mvumilivu, kuna jambo ambalo kila mtu huliona kila siku na aghalabu halitajwi ila kwa kunung'unika, nalo ni kinyesi kilichozagaa njiani. Mwenye punda hakizoi. Wapita njia hukiruka. Na yule ambaye mlango wake umepatwa hutoka na ufagio wa chelewa na ndoo ya maji, akakisukuma mtaroni, na mtaro ukakipeleka baharini. Rai yangu ni kwamba mtu apokeaye ujira wa safari ndiye apasikaye kuzoa kinyesi cha mnyama wake katika njia ya watu, na kwamba si insafu taklifu hiyo kumwangukia mwanamke aliyeamka alfajiri kufagia baraza yake, wala kijana anayemwongoza punda kwa malipo haba ya kutwa.

Mabishano ya namna hii yako kwingine pia. Huko Uingereza, sheria ya mwaka 1996 iliyowatia hatiani wenye mbwa wasiozoa kinyesi mahali pa hadhara haikuwagusa wapanda farasi, nao hujitetea kwa hoja mbili: kwamba kinyesi cha mnyama alaye majani hakina dhara kubwa, na kwamba kushuka juu ya farasi katikati ya barabara yenye magari ni kuhatarisha roho. Katika mji wa Charleston, Marekani, kadhalika Vienna, farasi wakokotao magari ya watalii hufungiwa mfuko nyuma ili kinyesi kisifike chini, na biashara yao inaendelea. Hoja ya roho naikubali kwa mpanda farasi wa Uingereza, lakini kwetu haina mahali pa kusimama, kwa kuwa ndani ya mji wa kale magari hayapiti, na mwongozaji aghalabu yu kwa miguu nyuma ya mnyama wake, akikiona kinyesi kikianguka mbele ya macho yake.

Ama hoja ya majani, laiti ingekuwa kweli. Punda wa Lamu akiisha kufunguliwa shogi jioni huachwa ajitafutie, na ajitafutiapo zaidi ni jalalani, akala maganda, makaratasi na mabaki ya vyakula, na waganga wa wanyama wamekuta plastiki katika matumbo ya punda waliokufa. Hayo ndiyo yanayorudi njiani. Nzi hutaga humo, na katika joto la pwani buu huwa nzi kamili kwa muda wa siku chache tu, akaruka kutoka kwenye kinyesi hadi kwenye sinia la mahamri ya mama auzaye pembeni mwa njia. Kinyesi cha farasi na punda aghalabu huwa na vijidudu vya pepopunda, navyo hudumu muda mrefu katika udongo. Mtoto achezaye miguu mitupu, mwenye kidonda mguuni, yumo hatarini. Wakati wa kaskazi kinyesi hukauka, kikasagwa na kwato kikawa vumbi la kuvutwa puani. Mvua za masika zikija huwa uji mwembamba unaoteleza, na mtu mzima akianguka juu ya sakafu ya mawe huenda asiinuke salama.

Wako wasemao, na miongoni mwao wako watu wa elimu, kwamba dini yenyewe imelisamehe jambo hili, na kwa hiyo hapana haja ya kulikuza. Hoja hii nataka kuijibu kwa utuvu, kwa sababu ndiyo nzito kuliko zote. Ni kweli kwamba katika madhehebu ya Imamu Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, kinyesi cha mnyama ni najisi. Na ni kweli pia kwamba mafakihi, kwa kuwahurumia watu, wamesamehe kile kidogo cha tope la njiani kimrukiacho mpita njia na ambacho ni taabu kukiepuka, asije akalazimika kubadili nguo kila aendapo msikitini. Lakini aliyesamehewa ni nani? Ni yule aliyerukiwa, kwa kuwa hakuwa na hila. Yule aliyekiacha pale, hali mkono wake ulikuwa na uwezo wa kukiondoa, hakutajwa katika msamaha huo, wala sioni kwa njia gani angeweza kuingizwa. Tena kila mtoto wa chuoni amefundishwa hadithi inayohesabu kuondoa chenye kuudhi njiani kuwa ni katika matawi ya imani. Basi ikiwa kuondoa adha iliyowekwa na mwingine ni imani, kuondoa uliyoiweka wewe mwenyewe ni deni.

Mtazame mzee ashukaye ngazi za nyumba yake kwenda kusali alfajiri, gizani, makubadhi miguuni. Hajui alichokanyaga mpaka afike birikani, na hapo ndipo aanzapo kuchota maji kwa kata, mara moja, mara mbili, mara tatu, akasugua kisigino juu ya jiwe, na nyuma yake wenziwe wanangoja zamu, na ndani imekwisha kukimiwa. Rakaa iliyompita mzee huyu haikuwamo katika hesabu ya mwenye punda alipopatana bei ya safari yake.

Na bei ndiyo kiini cha maneno. Mtu ajengaye nyumba ya ghorofa hulipa mamia ya safari za punda, na katika malipo hayo mna chakula cha mnyama, mna ujira wa kijana, mna faida ya mwenyewe. Kilichokosekana ni gharama ya usafi, nayo haikutoweka, ila imelipwa na wasiohusika kwa maji yao ya ndoo na migongo yao iliyoinama. Wako wenye punda mmoja tu, wanaomwongoza wao wenyewe na kula kwa kipato cha siku ile ile, na kuwaongezea uzito pasipo kuwafikiria kungekuwa dhuluma. Lakini mfuko wa turubai wa kufungwa chini ya mkia, beleshi na karai si vitu vya kumfilisi mtu, na shilingi chache zikiongezwa katika kila safari, mwenye kujenga atazilipa bila kuhisi. Mfuko huo ushonwe vizuri, usimchubue mnyama, na umwagwe kila safari. Waganga wa kituo cha punda kilichofunguliwa mjini mwaka 1987 wangeweza kuwaonyesha mafundi namna ya kuushona.

Serikali ya kaunti nayo haiwezi kukaa kando. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeipa kaunti kazi ya kuzoa taka na kazi ya kusimamia wanyama, na katika kifungu cha 42 imempa kila mtu haki ya mazingira safi. Huwezi kumwambia mtu azoe kisha usimwonyeshe pa kumwaga. Yachimbwe mashimo ya samadi pembezoni mwa mji, kinyesi kirundikwe na kugeuzwa geuzwa kwa majuma kadhaa mpaka joto lake liue mbegu za magugu na mayai ya minyoo, kisha wakulima wa nyuma ya mji, ambao ardhi yao ni ya kichanga na yenye njaa, wakichukue. Hapo huenda mwenye punda akapata hata senti kidogo kwa kile anachokiacha leo.

Sisemi haya kwa ajili ya mgeni. Tangu mji uandikwe katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, kila likitajwa jambo la usafi hutajwa watalii, kana kwamba wenyeji hawana pua. Mgeni hukaa siku chache akaenda zake. Mtoto wa mtaa wa Langoni atalala na kuamka hapo miaka yote. Lakini iko sababu nyingine, nayo ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Pikipiki zimezidi kisiwani, na wako watu, tena wenye fedha na sauti, ambao wangefurahi kuona punda ameondolewa mjini ili vyombo vya moto vichukue nafasi yake. Kinyesi njiani ndiyo hujja yao iliyo karibu kuliko zote. Mimi nimpendaye punda, nitakaye watoto waendelee kushindana naye ufukweni siku za Maulidi, siko tayari kuona hujja hiyo ikiachwa mikononi mwao kwa uvivu wa kutoinama.

Kwa hiyo naomba wenye punda wenyewe watangulie, kabla ya amri kutungwa. Waanze na njia moja tu, Usita wa Mui, kutoka Langoni hadi uwanja ulio mbele ya Ngome, nao wawe wamekwisha kuizoea kazi hiyo kabla ya wageni wa Maulidi kuujaza mji. Wale watakaokataa baada ya mashimo kuchimbwa na bei kupatanwa, watozwe faini. Na karatasi ya faini iandikwe jina la mwenye punda, si la kijana anayemwongoza.