Stajieri wa umeme apewe mchoro wake, hata wa barabara moja

Chukua mchoro wowote wa umeme unaotumiwa katika kampuni kubwa za hapa Kolwezi, uangalie pembe ya chini, upande wa kuume. Kuna kisanduku kidogo ambacho mafundi wanakiita kartushi. Ndani yake mna mistari mitatu: aliyechora, aliyehakikisha, aliyekubali. Mara nyingi majina yaliyomo ni ya watu wa mbali ambao hawajawahi kukanyaga vumbi letu. Stajieri wa kwetu, aliyezunguka na ule mchoro kiwandani akiusahihisha kwa kalamu nyekundu, hana fasi mule.

Kijana anamaliza masomo ya umeme, anatembea na barua mlango kwa mlango, na akibahatika anapokelewa katika biro ya usanifu. Anapewa kiti, lakini kazi hapewi. Anapiga fotokopi, anapanga madosie, anashika ncha ya mita wakati wengine wanapima. Usafiri analipa mzazi. Mwisho wa miezi mitatu anaandika ripoti ya staji: historia ya kampuni, organigramu, shukrani kwa Mungu na kwa shefu. Nimesoma ripoti za namna hiyo kadhaa. Ukitafuta ndani hesabu moja ya waya, hutaipata.

Mashefu wana jibu, na si jibu la kipumbavu. Wanasema mchoro mbaya wa umeme unaua. Ni kweli, na wote tunakumbuka tarehe 2 Februari 2022, pale Matadi-Kibala, Kinshasa, waya wa umeme mkubwa ulipokatika ukaangukia soko lililojaa maji ya mvua. Watu 26 walikufa, wengi wao mama waliokwenda kuuza na kununua. Hakuna anayetaka mtoto aliyetoka shuleni jana aamue peke yake unene wa kebo. Lakini kartushi ina mistari mitatu kwa sababu hiyo hiyo. Stajieri anachora, mkubwa wake anahakikisha, mwingine anakubali. Ukimnyima mstari wa kwanza leo, kesho nani atakuwa na ujuzi wa kujaza wa pili?

Namjua kijana mmoja wa Manika aliyechoka kungoja. Alichukua barabara yao wenyewe akaifanya kazi ya kujifunza. Wakaaji wa kule walichanga faranga wakanunua nyaya mbili za shaba, milimita 16 za mraba, kutoka kabini hadi nyumba za mwisho, mita 400. Saa za jioni, wakati kila mtu anapika bukari, aliazima pensi ya kupimia ampea akakuta ampea 40 zinapita kwenda zile nyumba. Hesabu yake inaingia katika karatasi moja ya daftari. Umeme unakwenda mita 400 na kurudi 400, jumla 800. Zidisha kwa 0.0175, ambayo ni namba ya shaba, gawa kwa 16, unapata omu 0.875. Zidisha kwa ampea 40: volti 35 zinapotelea njiani. Kabini inatoa 220, nyumba ya mwisho inapokea 185. Friji ya mama anayeuza samaki inaunguruma usiku kucha bila kugandisha kitu, na wote wanasema SNEL imeleta kuran mbaya.

Wazo la kwanza la kila mtu ni kununua waya mnene zaidi. Kweli, kwa milimita 50 upotevu unashuka hadi karibu volti 11, asilimia 5, lakini ile shaba ni mara tatu ya ya kwanza, na bei mnaijua. Kijana aliendelea kuhesabu. Kama wangevuta nyaya nne za milimita 16, fazi tatu na notri, wakazigawanya nyumba sawasawa, kila fazi ingebeba kama ampea 13, notri ingebaki karibu tupu, na upotevu usingefika volti 6. Nyaya nne za 16 zina shaba kidogo kuliko nyaya mbili za 50. Umeme unakuwa mzuri zaidi kwa shaba ndogo zaidi! Hii ndiyo kazi ya usanifu, na katika mji unaochimba shaba ningependa tuielewe kuliko watu wote.

Kuna pia mambo ambayo mtu wa mbali hawezi kuyaona kwenye ekrani yake. Kolwezi iko juu ya mita 1,400. Kanuni za kimataifa za transfoma na za vifaa vya umeme mkubwa zimehesabiwa kwa mita 1,000. Ukipanda zaidi, hewa inakuwa nyepesi, transfoma inapoa kwa shida, na hewa inayotenganisha nyaya inazuia umeme kidogo kuliko kule chini. Sharti msanifu apunguze mzigo ao aongeze nafasi. Kisha udongo wetu. Pima ardhini mwezi wa Januari, mvua ikinyesha, utapata omu nzuri za kufurahisha. Rudi mwezi wa Agosti, udongo mwekundu umekauka kama tofali, ile namba imepanda sana, na mvua za kwanza zinakuja na radi. Stajieri wa hapa anajua kwamba kipimo cha Januari peke yake ni uongo. Anahitaji tu mtu wa kumruhusu aandike hivyo kwenye mchoro.

Na asifikiri mtu kwamba vijana wetu ni wazito. Shuleni wanafundishwa kanuni ya Ufaransa, NF C 15-100. Kazini wanakuta mitambo iliyofungwa kwa kanuni ya Afrika Kusini, SANS 10142, na pembeni yake kabati lenye maandishi ya Kichina. Wanajifunza kuzisoma zote, mara nyingi bila mwalimu.

Sheria ya tarehe 8 Februari 2017 inaziachia kazi za sutretansi kampuni zenye mtaji wa Wakongomani kwa sehemu kubwa. Tukiizungumzia, tunahesabu hisa. Mimi ningependa tuhesabu michoro pia. Kila kampuni inayopata soko la umeme Lualaba ionyeshe stajieri wake amechora nini, na jina lake liandikwe kwenye kartushi. Ilipe usafiri wake, maana kijana anayetoka Kasulo kwa miguu anafika amechoka. Anayeanza apewe vitu vidogo: taa za duka la vifaa, pampu moja, barabara moja ya kata.

Na wa kuhakikisha tunao. Nseke inatoa umeme tangu mwaka 1956. Mstari wa Inga, karibu kilomita 1,700, unafika Kolwezi tangu 1982. Mitambo hii ilichorwa na wageni, lakini waliofungua makabati usiku, wakatafuta kosa, wakalikuta, ni watu wa SNEL na wa Gécamines ambao leo ni wastaafu wanaokaa kwenye baraza zao. Papa wa namna hiyo, akilipwa siku mbili kwa juma, anaweza kusahihisha michoro ya stajieri wengi. Sijasikia kampuni iliyomwita hata mmoja kwa kazi hiyo.

Kijana wa Manika amemaliza mchoro wa barabara yake. Aliuchapa kwenye karatasi kubwa, akaniletea niuone. Kwenye kartushi jina lake liko katika mstari wa kwanza. Mistari miwili ya chini ameiacha wazi, na wiki hii bado anatafuta mkubwa atakayekubali kuusoma.