Mtoto Ajifunze Kuiamuru Kompyuta

Mwalimu aliyefundisha Hisabati kwa miaka ishirini huweza kuonekana siku hizi amekaa kwenye benchi la steshenari, mjini Bunda au katika mji mwingine wowote wa nchi yetu, akimngojea kijana amjazie taarifa zake za utendaji kazi katika mfumo wa PEPMIS. Humpa kijana huyo fedha, na pamoja na fedha humpa nywila yake. Jambo hili tumelizoea hata hatulioni tena kuwa ni aibu. Mtumishi wa umma anakabidhi ufunguo wa ofisi yake kwa mtu asiyemjua, wala si kwa kukosa chombo. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022 walikabidhiwa walimu baada ya kazi ile. Chombo kipo, vidole ndivyo havikufundishwa.

Mwalimu anaweza kuistahimili hasara hiyo. Kijana wa kata ya Nyasura aliyemaliza kidato cha sita hawezi. Maombi ya chuo, maombi ya mkopo na maombi ya kazi serikalini yote hupita katika kompyuta, naye asiyejua kuchapa humwachia mwingine aandike jina lake, mwaka wake wa kuzaliwa na namba yake ya mtihani. Tarakimu moja ikikosewa na mtu aliye na haraka ya kumhudumia mteja anayefuata, anayehangaika ni yeye na wazazi wake waliouza pamba ili asome.

Je, shuleni anafundishwa nini? Mara nyingi anafundishwa kueleza maana ya kompyuta, kutaja vifaa vya kuingizia taarifa na vya kutolea, na kuchora kibodi daftarini ili apate alama. Hakuna mkulima wa Mara aliyemfundisha mwanawe kulima kwa kumkaririsha sehemu za jembe. Elimu ya Kujitegemea, waraka alioutoa Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, Machi 1967, ulikataa elimu ya namna hiyo, ambayo humpa mtoto maneno ya kurudisha siku ya mtihani na kumwacha mikono mitupu.

Hatuna budi kuanza na vidole. Kuchapa bila kutazama kibodi ni ufundi tulioujua zamani. Wahazili waliotoka Chuo cha Uhazili Tabora walizifahamu herufi kwa vidole, si kwa macho, na matangazo ya kazi yaliwadai hatimkato ya Kiswahili na Kiingereza ya maneno 80 au 100 kwa dakika. Tuliudharau ufundi huo kwa kuudhani ni wa masjala tu. Leo kila mtu ni karani wa nafsi yake, na wengi wetu wenye shahada tunadonoa kwa kidole kimoja kama kuku. Mwandishi wa makala hii alidonoa hivyo miaka mitatu ya Chuo Kikuu.

Wala tusingojee vitabu vya kigeni. Mstari wa kati wa kibodi, ambapo vidole hupumzika, una herufi a, s, d, f, g, h, j, k na l. Kwa herufi hizo pekee mtoto wa Kitanzania anaweza kuandika dada, kaka, saa, sala, lala, haja, shaka, hata fasaha. Somo la kwanza limekwisha kupatikana, tena kwa lugha yake. Kuna jambo jingine la kuangalia. Mpangilio huu ulitungwa Marekani kwa ajili ya mashine za kupiga chapa za Remington, zilizoanza kuuzwa mwaka 1874, nao waliotunga hawakuifikiria lugha yetu. Herufi a, ambayo Kiswahili huitumia kuliko nyingine zote, imeangukia kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kilicho dhaifu kuliko vyote. Mwalimu wetu hana budi kukizoeza kidole hicho zaidi, na mazoezi yaliyotungwa kwa Kiingereza hayatamkumbusha.

Baada ya vidole ije amri. Mwaka 1967 huko Marekani, Seymour Papert na wenzake walibuni lugha ya Logo, ambayo kwayo mtoto humwamuru kobe wa kompyuta aende mbele au ageuke, naye huchora njia yake. Mwaka 1982 kazi hiyo ilifikishwa kwa watoto wa shule wa Dakar, Senegal. Somo lenyewe laweza kuanzia uwanjani, juu ya mchanga, mtoto mmoja akiwa kobe. Mbele hatua kumi, kulia nyuzi 90, rudia mara nne: mraba umepatikana. Kisha waambiwe wachore pembetatu yenye pande sawa. Watamwamuru kobe ageuke nyuzi 60, kwa kuwa ndivyo kitabu kisemavyo, na kobe atapotea. Watabishana mpaka wagundue kwamba anayetembea hugeuka nyuzi 120. Mtoto aliyelipata hilo kwa miguu yake akikalishwa mbele ya Scratch, ambayo hupatikana bure na kwa Kiswahili, ataijua mara moja mashine ile kuwa ni mtiifu asiye na akili.

Nchi yetu inayo historia katika jambo hili. Mwaka 1974 Serikali ilizuia uingizaji wa kompyuta, baada ya jaribio la kuzitumia katika hesabu zake kuleta gharama na vurugu. Wako wanaolicheka katazo lile. Mimi silicheki, maana mashine zilitangulia kabla ya watu wetu wa kuziamuru.

Tutaambiwa kwamba madawati hayatoshi. Ni kweli, na kibodi iliyochorwa kwenye boksi haiwezi kumfanya mtu mchapaji. Itamwonyesha tu mahali pa herufi. Lakini shule yenye kompyuta moja nzima inaweza kuwapa watoto kumi dakika kumi na tano kila mmoja kwa wiki. Sharti lake ni kwamba kompyuta hiyo itolewe katika ofisi ya mwalimu mkuu, ivuliwe kitambaa, na ufunguo wa chumba akabidhiwe mwalimu wa zamu.