Uyoga wa Hulugho usipewe jina la msonobari

Mvua za Gu, yaani masika, zikishika Hulugho katika Kaunti ya Garissa, magogo yaliyolala vichakani hulowa, na kwenye ganda la gogo hutoka kitu cha kahawia, chororo kama ufizi, kimekunjamana mfano wa sikio la mtu. Mwenye simu hupiga picha akatafuta jina. Hapo ni rahisi kuangukia Otidea, uyoga wa kikombe unaoitwa sikio la sungura huko Ulaya.

Jina hilo si lake. Otidea huota ardhini, mara nyingi kwenye takataka za majani chini ya misonobari. Kikombe chake kimepasuka upande mmoja, kutoka ukingoni hadi karibu na shina, na spora zake hukaa katika vifuko vidogo mno upande wa ndani. Uyoga wa kwenye gogo ni jamii ya Auricularia. Hula mti uliokufa, nyama yake ni kama jeli. Jua likiwaka hukauka ukawa mgumu kama kipande cha ngozi, mvua ikirudi huvimba tena. Sura zimefanana, ukoo uko mbali kabisa.

Misonobari ya Kenya imepandwa zaidi nyanda za juu. Hulugho ni nchi ya migunga na vichuguu, na kusini yake msitu wa Boni. Kwa hiyo swali la kwanza liwe: umeota juu ya nini?

Swali hilo lina uzito kwa anayefikiria sufuria pia. Sumu ya baadhi ya uyoga wa jamii ya Amanita, unaoota ardhini, hukaa saa 6 hadi 12 kabla tumbo halijauma, na kuchemsha hakuiondoi. Picha peke yake isimruhusu mtu kula.

Vitabu navyo havitoshi. Kile cha mtaalamu wa uyoga David Pegler cha 1977 kuhusu Afrika Mashariki kinashughulikia uyoga wenye vipande vyembamba kama kurasa chini ya kofia. Wa kikombe na wa sikio haumo. Ndiyo maana walimu wa sayansi wa Hulugho wanastahili kupewa na kaunti kazi ya kukusanya vielelezo, pamoja na nauli ya kuvisafirisha. Kipande kikaushwe kivulini, kiwekwe kwenye bahasha ya karatasi, kiandikwe mti kilikoota, mahali na tarehe, kisha kipelekwe hifadhi ya mimea ya Makumbusho ya Taifa, Nairobi.